Somo la 9: Nani Alipe Harusi?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 24:22–53, Mwa. 29:15–28, Mwa. 31:14, 15, Amu. 14:10–19, Yn. 2:1–11, Luka 14:7–14, 28–30, Kum. 24:5, 2 Kor. 8:12, Rum. 13:8.

Fungu la Kukariri: Luka 14:28. Likariri kutoka katika Biblia yako pamoja na watu wa nyumbani mwako, na kila siku ya juma hili mtu mmoja alieleze kwa maneno yake mwenyewe.

Kufunga ndoa hakuchukui muda mrefu. Mchungaji huuliza, maharusi hujibu, mashahidi hutia sahihi, nasi tunasema amina. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inadai machache: taarifa itolewe angalau siku 21 kabla, bwana na bibi wakubali kwa hiari yao, na wawepo mashahidi wasiopungua wawili. Hakuna kifungu kinachotaja ukumbi, keki wala gari lililofungwa maua.

Hata hivyo kamati ya harusi hukaa kwa miezi. Kuna mwenyekiti, katibu na mhazini, na kuna kundi la simu ambalo kila asubuhi huwakumbusha wajumbe ahadi zao. Kabla ya harusi kuna kicheni pati na sendofu, nazo zina kamati zake. Mtu aliyewahi kuhudhuria kikao cha kuvunja kamati anaijua ile sauti ya mhazini anaposoma ahadi ambazo hazikulipwa, huku mpishi akiwa bado anadai nusu ya fedha yake. Mara nyingi wenye deni hilo ni wale wawili ambao hata hawajamaliza kufungua zawadi.

Juma hili tutauliza maswali mawili ambayo familia nyingi huyakwepa hadi wakati umeshapita: Nani alipe harusi? Na kiasi gani kinatosha? Tutaona kwamba Biblia inazungumza juu ya gharama za harusi mara nyingi kuliko tunavyodhani.

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato.*

JUMAPILI
Aliyelipa Zamani

Soma Mwanzo 24:22, 30, 53 na Mwanzo 29:18–28. Katika kila ndoa, nani alitoa nini, na kwa ajili ya nani?

Mtumishi wa Ibrahimu alifika Mesopotamia na ngamia kumi. Alimpa Rebeka pete ya dhahabu ya nusu shekeli na vikuku viwili vya shekeli kumi, na baadaye akawapa zawadi kaka yake na mama yake. Angalia fungu la 30: Labani aliiona pete na vikuku kwanza, ndipo akapiga mbio kumkaribisha mgeni. Tutakutana naye tena.

Miaka mingi baadaye Yakobo alifika nyumba ile ile mikono mitupu. Yeye mwenyewe anakiri katika Mwanzo 32:10 kwamba alivuka Yordani na fimbo tu. Babu yake alikuwa tajiri, lakini utajiri ule haukusafiri pamoja naye. Akalipa kwa kitu alichokuwa nacho, yaani nguvu zake: miaka saba ya kazi. Karamu yenyewe ilifanywa na Labani, baba wa bibi harusi, naye akawaalika watu wote wa mahali pale. Ilidumu kwa juma zima.

Basi ndani ya ukoo mmoja, katika vizazi viwili, mara moja mzazi wa kijana ndiye aliyetoa, na mara nyingine kijana alijilipia mahari huku mkwe akilipa karamu. Ukiongeza Samsoni, ambaye alifanya karamu mwenyewe kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa huko (Amu. 14:10), na yule mfalme wa mfano wa Yesu aliyemfanyia mwanawe harusi (Mt. 22:2), utaona kwamba Biblia haijaweka kanuni moja. Anayesema, “Biblia inataka upande wa mume ulipe kila kitu,” anaisemea Biblia neno ambalo haikulisema. Anayesema wazazi wa binti lazima wagharimie sendofu anataja desturi, na desturi inaweza kuzungumzwa.

Kuna jambo moja lakini ambalo Biblia hainyamazii. Soma Mwanzo 31:14, 15. Lea na Raheli wanalalamika kwamba baba yao amewauza, kisha akaila fedha yote iliyotolewa kwa ajili yao. Wasomaji wengi huyaruka malalamiko haya. Yanatuonyesha kwamba mabinti wale walitarajia sehemu ya thamani ile iwarudie wao na watoto wao. Linganisha na Aksa, binti Kalebu, katika Yoshua 15:18, 19. Alipoolewa alimwomba baba yake chemchemi za maji, kwa sababu shamba alilopewa lilikuwa kavu. Kalebu akampa chemchemi za juu na za chini. Hiyo ni zawadi ya harusi inayonyweshea shamba miaka yote.

*Katika familia yako, mahari ya binti wa mwisho kuolewa ilitumika wapi? Je, kuna kilichobaki kwa ajili yake?*

JUMATATU
Wageni Walioalikwa Kunyang'anywa

Soma Waamuzi 14:10–19. Ni nani hasa aliyelipa deni la karamu ya Samsoni?

Mahubiri mengi kuhusu Samsoni huzungumzia wanawake wake. Leo tuitazame hesabu ya harusi yake. Karamu ni ya siku saba. Vijana thelathini wanaletwa wakae naye. Bwana harusi anatega kitendawili na kuweka dau: mavazi thelathini ya kitani na mavazi thelathini ya kubadili. Mavazi yalikuwa mali ya thamani wakati ule, kwa hiyo dau lile lilikuwa kubwa mno kwa upande wowote utakaoshindwa.

Siku zinapokwisha na jibu halijapatikana, wale wageni wanamgeukia bibi harusi na kumtishia kumchoma moto pamoja na nyumba ya baba yake. Wanamuuliza swali ambalo linafaa kusomwa polepole katika fungu la 15: je, mmetualika ili mtunyang'anye mali yetu?

Ni watu waovu, na tishio lao ni la kutisha. Hata hivyo swali lao limewahi kupita moyoni mwa wengi wetu tulipopokea kadi ya tano ya mchango katika mwezi mmoja, kila moja ikiwa na kiwango kilichochapishwa tayari. Mwalikwa akianza kujiona kama mtu anayetozwa, furaha ya karamu imeshaondoka, hata kama atakuja na kucheza muziki.

Samsoni aliposhindwa hakuwa na mavazi yale. Alishuka Ashkeloni, akaua watu thelathini, akachukua mavazi yao na kuyalipa. Watu wa Ashkeloni hawakualikwa katika harusi ile wala hawakukijua kitendawili, lakini wao ndio walioilipa. Kisha bwana harusi akapanda kwenda kwa baba yake akiwa na hasira, na mkewe akapewa rafiki yake. Harusi iliyogharimu kiasi kile haikufikisha hata siku ya nane.

Sisi hatuendi Ashkeloni. Lakini deni la harusi huwa na watu wake wa Ashkeloni pia: mdogo wa bwana harusi ambaye ada yake ya muhula “iliazimwa kidogo”, mpambaji mjane ambaye hajalipwa hadi leo, zaka ya miezi mitatu ambayo ilielekezwa kwingine kwa nia ya kuirudisha.

*Kama harusi ya kwenu ingeongezewa deni leo, ni nani ambaye hayumo katika kamati angeumia kwa ajili ya deni hilo?*

JUMANNE
Mabalasi Sita

Soma Yohana 2:1–11. Mkuu wa meza alimwita nani alipoonja? Jambo hilo linatuambia nini kuhusu aliyehusika na vinywaji?

Mkuu wa meza alimwita bwana harusi. Kwa hiyo katika Kana upande wa bwana harusi ndio uliobeba jukumu la vinywaji, na upungufu ungekuwa aibu yake. Katika kijiji cha namna ile, aibu hiyo ingesimuliwa kila mara jina lake linapotajwa. Sisi tunaoishi katika jamii ambamo watu hukumbuka harusi iliyopungukiwa pilau miaka kumi baadaye, tunaielewa hofu ile bila kueleweshwa.

Mariamu hakuitangaza shida mbele ya wageni. Alimwambia Yesu, kisha akawaambia watumishi wafanye lolote atakalowaambia. Yesu naye hakumkemea bwana harusi kwa kutopanga vizuri, wala Yohana hamlaumu mtu. Alisaidia kwanza. Wazee wa kanisa wanaofuatwa usiku wa manane na kijana aliyepungukiwa wajifunze hapa. Mahubiri ya bajeti yanaweza kungoja wiki mbili.

Sasa tufike kwenye hoja ambayo huletwa katika madarasa yetu karibu kila mara fungu hili linaposomwa. Mabalasi yalikuwa sita, kila moja likiingia nzio mbili au tatu. Nzio moja ni kama lita 39. Kwa hesabu hiyo Yesu alitoa kati ya lita 470 na lita 700 hivi, na kilikuwa kinywaji bora kuliko cha kwanza. “Mnaona?” ndugu mmoja husema. “Bwana mwenyewe hakupenda harusi ya kubana.”

Ana sehemu ya ukweli, na tusimnyang'anye. Yesu alikubali mwaliko na hakuiona karamu kuwa upotevu. Mkristo anayenuna kila anaposikia neno sherehe hakujifunza hilo Kana. Lakini angalia zawadi ile ilivyotolewa. Haikumwacha mtu yeyote na deni. Haikutozwa kwa wageni. Na aliyeitoa hakutajwa: mkuu wa meza hakujua ilikotoka, na kwa kadiri fungu linavyosema, ni watumishi waliochota maji ndio waliojua. Hakuna mshereheshaji aliyesoma jina la Yesu kwa kipaza sauti pamoja na kiasi alichochangia. Mwenye uwezo wa kutoa lita 700 bila kukopa na bila kutajwa, na atoe. Ugumu wetu ni kwamba tunataka wingi wa Kana kwa fedha ambayo hatuna, na tunataka jina letu lisomwe.

Soma Luka 14:7–11. Yesu alipotaka mfano wa majivuno alichagua viti vya harusini. Linganisha na mpangilio wa meza katika sherehe za kwenu.

JUMATANO
Zamu Yangu Irudi

Mama mmoja wa kanisa, katika kikao cha harusi ya bintiye, alisema maneno ambayo yalinyamazisha chumba: “Nimechangia watu kwa miaka ishirini. Sijawahi kukosa. Leo ni zamu yangu, nanyi mnaniambia nifanye harusi ndogo?”

Tusimjibu haraka. Kuchangiana ni mojawapo ya mambo mema tuliyorithi. Galatia 6:2 inatuamuru kuchukuliana mizigo, na vijana wengi wa kanisa hili wasingeweza kuanzisha nyumba bila mikono ya ndugu. Kwa mama huyu, michango ya miaka ishirini ilikuwa akiba aliyoiweka kwa watu. Kumwambia sasa kwamba akiba hiyo haina maana ni kumvunjia heshima, na ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara wa kila mwezi kusema hivyo.

Soma Luka 14:12–14. Yesu anasema nini juu ya karamu ambayo walioalikwa wanaweza kuirudisha?

Yesu aliujua mtindo wa zamu. Aliutaja waziwazi: rafiki, ndugu na jirani matajiri hualika nao, ukapata malipo. Hakusema ni dhambi kula na ndugu zako. Yeye mwenyewe alikula na ndugu na rafiki. Alisema kwamba karamu ya namna hiyo imeshalipwa. Ile ambayo Mungu mwenyewe huihesabu ni ile iliyo na maskini ndani yake.

Hapa kuna jambo linalotuuma. Ibada ya ndoa hufanyika kanisani na kila mtu huingia. Ikiisha, tunahamia ukumbini, na mlangoni amesimama kijana mwenye orodha. Mwenye kadi ya mtu mmoja huingia peke yake, mwenye kadi ya wawili huingia na mwenzake. Yule dada wa Dorkasi aliyefagia kanisa Ijumaa na kupanga maua, ambaye hakuweza kufikisha elfu hamsini, hurudi nyumbani. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba karamu inayowatahayarisha wasio na kitu ni kulidharau kanisa la Mungu (1 Kor. 11:21, 22). Alikuwa akizungumzia meza ya Bwana, lakini ni vigumu kuona kwa nini neno hilo lisitufikie saa nane ya siku ile ile, tukiwa watu wale wale.

Soma 2 Wakorintho 8:12 na 9:7. Mchango unakubaliwa kwa kipimo gani?

Kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, wala si kwa kadiri ya asivyo navyo. Na pasipo kulazimishwa. Kadi yenye kiwango cha chini haipiti katika mafungu haya mawili. Kwa upande wa pili, aliyeahidi naye ana neno lake: ndiyo yake na iwe ndiyo (Mt. 5:37). Ahadi iliyotamkwa kikaoni ili kuepuka aibu, huku msemaji akijua hataitoa, huwa kitoweo kilichonunuliwa kwa mkopo wa maharusi. Ni afadhali kusema, “Ndugu zangu, nina elfu kumi na nitakuja kuosha vyombo.”

Na mama yetu? Kamati ile ilimwuliza orodha ya wale aliowachangia. Wengi walikuja. Wengine walileta mchele na mbuzi badala ya fedha, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwapo. Harusi haikuwa ndogo sana, wala hakuna aliyeikopea.

*Kumbuka mara ya mwisho mgonjwa wa kanisani alipohitaji fedha za hospitali. Ilichukua muda gani kuzipata, ukilinganisha na harusi ya mwisho?*

ALHAMISI
Keti Kwanza, Uhesabu

Soma Luka 14:28–30. Kwa nini mjenzi anaketi *kwanza*?

Tuchukue mfano. Tuseme kijana ana shilingi milioni 2 alizoweka akiba. Wazazi wa pande zote mbili wanatoa milioni 2.5. Ahadi za kamati zimefika milioni 7.5. Katibu anajumlisha: milioni 12. Bajeti ya milioni 12 inapitishwa kwa makofi.

Kosa limeshafanyika. Ahadi imehesabiwa kama fedha. Ikiwa theluthi mbili tu ya ahadi itatimia, zitaingia milioni 5, na jumla itakuwa milioni 9.5. Pengo ni milioni 2.5. Kama maharusi wanaweza kulipa laki mbili kila mwezi, deni hilo litawachukua miezi kumi na mitatu, hata likiwa halina riba.

Soma Kumbukumbu la Torati 24:5. Mungu aliamuru mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asitwishwe shughuli yoyote, akae nyumbani mwaka mmoja amfurahishe mkewe. Jeshi zima la Israeli lilipaswa kumsubiri. Sisi tunachukua mwaka ule ule na kuufanya mwaka wa kulipa ukumbi. Wanandoa wengi waliogombana kwa mara ya kwanza wakiwa wameoana miezi miwili waligombana juu ya deni ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitaka.

Rudi kwenye mfano wetu. Chakula kilipangwa cha watu 300 kwa shilingi 15,000 kila mmoja, yaani milioni 4.5. Wakiwa 180, ni milioni 2.7. Hapo pengo limepungua kwa milioni 1.8, na limebaki la laki saba, ambalo mapambo na video vinaweza kulibeba. Katika harusi nyingi idadi ya wageni ndiyo bei yenyewe. Kubishana juu ya rangi ya vitambaa ni kubishana juu ya chenji.

Mwandishi wa somo hili amekuwa mhazini wa kamati kadhaa, na anapendekeza utaratibu huu bila kudai kwamba ni sheria ya kanisa. Maharusi wenyewe, wakiwa wawili tu na mbele za Mungu, waandike kiwango ambacho hakitavukwa. Wakipeleke kwa wazazi kwa heshima, kabla kamati haijaundwa, kupitia mshenga au mjomba ikiwa ni vigumu kusema wenyewe. Manunuzi yafanywe kwa fedha iliyo mkononi mwa mhazini. Na ndugu anayetaka nyongeza, awe baba mdogo anayetaka bendi au shangazi anayetaka wageni hamsini zaidi, apokelewe kwa shukrani na aibebe nyongeza hiyo yeye mwenyewe, taslimu. Utashangaa jinsi mapendekezo yanavyopungua.

Wazazi nao wanaweza kuumia. Kwa baba aliyesomesha mtoto kwa kuuza ng'ombe, harusi ni siku ya kuonekana mbele ya ukoo. Kijana asiseme tu, “Ni harusi yetu.” Na amtafutie baba nafasi ya heshima ambayo hainunuliwi: aongoze sala ya ukoo, asimulie historia ya familia, awapokee wageni mlangoni.

*Kama ungeandika kiwango hicho leo, ni mtu gani katika ukoo ungeogopa kumwonyesha? Kwa nini?*

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Ruthu 4:1–13. Boazi alikuwa mtu mwenye mali, na bado ndoa yake na Ruthu inasimuliwa kwa wazee kumi langoni, mashahidi, na baraka za watu waliokuwapo. Mwandishi hakuona haja ya kutaja karamu.

James White na Ellen Harmon walioana tarehe 30 Agosti 1846, Portland, jimbo la Maine, mbele ya hakimu wa amani. Walikuwa maskini. Mwaka uliofuata walianza kujitegemea katika sehemu ya nyumba ya akina Howland huko Topsham, wakitumia samani za kuazima, na James alikata kuni msituni tangu asubuhi hadi giza kwa takriban senti hamsini kwa siku. Wasomaji wengine hulitumia simulizi hili kuwaaibisha wanaofanya sherehe. Hilo si tumizi zuri. Wale wawili hawakuwa na cha kutumia. Walichofanya ni kutokopa sherehe.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani, kila mmoja ataje desturi moja ya ukoo wake kuhusu anayelipa harusi. Ni ipi inayomlinda binti? Ni ipi inayomlemea?

2. Dada mmoja amechangia harusi za wengine kwa miaka mingi na hajaolewa, na sasa ana umri wa miaka 50. Kanisa lina deni gani kwake, kama lipo?

3. Je, kanisa mahalia liwe na ukumbi na sufuria zake kwa ajili ya harusi za washiriki wote, kwa kiwango kimoja? Nani angepinga, na kwa hoja gani?

4. Kijana wa darasa lenu amewaambia kwamba anadaiwa milioni mbili za harusi iliyofungwa mwezi uliopita. Mkewe hajui. Kabla ya Sabato ijayo, mtafanya nini?